Winchester Model 12

Winchester Model 12 ni shotigani ya pampu iliyotengenezwa na kampuni ya Winchester mjini New Haven, jimbo la Connecticut, Marekani, kuanzia 1912 hadi 1964. Katika muda huo zilitoka karibu milioni 2. Ni bunduki ya wawindaji wa ndege na ya walengaji wa visahani vya udongo, na katika kazi hizo mbili hakuna shotigani ya pampu iliyopata heshima kuishinda. Kiwanda kiliacha kuitengeneza kama bidhaa ya kawaida zaidi ya nusu karne iliyopita, lakini kila msimu wa bata ukifika, wajukuu wa wanunuzi wa kwanza huitoa kabatini na kwenda nayo majini.

Asili

Shotigani ya pampu ya kwanza kufanikiwa sokoni ilikuwa ya Christopher Spencer, mwaka 1882. Winchester iliingia katika biashara hiyo kwa Model 1893, iliyobuniwa na John Moses Browning wa Ogden, Utah. Bunduki hiyo iliundwa kwa ajili ya baruti nyeusi. Baruti isiyo na moshi ilipoenea, mwili wake haukumudu shinikizo jipya, ndipo ikaimarishwa na kutolewa upya kama Model 1897. Hiyo ya 1897, yenye nyundo ya nje ambayo mpigaji huiona ikirudi nyuma kila avutapo pampu, iliuzwa hadi 1957 na kuvuka milioni 1.

Browning na Winchester waliachana mwaka 1902. Yeye alitaka alipwe sehemu ya mauzo ya shotigani yake mpya ya kujijaza, na kampuni ilikuwa imezoea kununua hataza zake kwa mkupuo mmoja. Aliichukua kazi yake akaipeleka Ubelgiji, kwa kiwanda cha silaha cha FN. Kazi ya kubuni shotigani New Haven ikamwangukia Thomas Crossley Johnson, mhandisi wa kiwandani ambaye jina lake halikupata kuvuma hata nusu ya lile la Browning, ingawa bunduki inayotukuzwa na dunia ya wapiga pampu ni yake. Johnson alianza na misingi ya Browning katika Model 1897, akaificha nyundo ndani ya mwili wa chuma na kuisawazisha kazi yote ya ndani.

Bunduki hiyo ilipotoka mwaka 1912 ilikuwa ya geji 20 pekee. Geji 12 na 16 zilifuata muda mfupi baadaye. Jina la awali lilikuwa Model 1912, likafupishwa kuwa Model 12 mwaka 1919. Geji 28 iliongezwa 1934. Kwa risasi ndogo ya .410 kulikuwa na bunduki ya peke yake, Model 42, iliyochorwa na William Roemer na kuuzwa kuanzia 1933 hadi 1963. Kwa macho ni Model 12 iliyopunguzwa kimo.

Umbo na utendaji

Risasi 5 hukaa katika bomba la magazini chini ya mtutu na 1 katika chemba, jumla 6. Mpigaji akivuta pampu nyuma, ganda tupu hurushwa nje upande wa kulia na nyundo ya ndani hukokiwa. Akiisukuma mbele, risasi mpya hupanda na komeo hufungika nyuma yake. Usalama ni kitufe kinachopita upande kwa upande mbele ya kinga ya kifyatulio. Uzito wa ile ya geji 12 ni kilo 3 na ushei. Ya geji 20 ni nyepesi zaidi, na wawindaji wanaotembea siku nzima huipenda kwa sababu hiyo.

Jambo linaloitenga na pampu za leo ni chuma chake. Mwili wa bunduki ulitengenezwa kwa kipande kizima cha chuma kilichofuliwa, kikachongwa kwa mashine hatua kwa hatua, na sehemu za ndani zikasuguliwa na kuoanishwa kwa mkono. Mitutu ya mwanzo ilikuwa ya chuma chenye nikeli. Matokeo yake husikika kabla ya kuonekana. Ukibonyeza kidude cha kufungulia komeo na kuinua mdomo wa mtutu juu, pampu ya bunduki iliyotumika sana huteremka yenyewe kwa uzito wake, bila kukwaruza popote. Miaka ya matumizi huilainisha, na ndiyo maana ile iliyochakaa rangi mara nyingi hufanya kazi vizuri kuliko iliyolala kwenye sanduku.

Bunduki hii hufunguka vipande viwili bila kifaa chochote. Kwanza hakikisha haina risasi. Kisha vuta pampu nyuma, zungusha bomba la magazini robo mzunguko, livute mbele pamoja na pampu, halafu zungusha mtutu nao robo mzunguko, utatoka mkononi. Pale mtutu unapokutana na mwili kuna pete yenye meno. Maungio yakilegea kwa kuchakaa, fundi huisogeza pete hiyo kidogo na bunduki hukaza tena. Johnson alijua kwamba bunduki hii ingetumika kwa miaka mingi, akaweka tangu mwanzo njia ya kuirekebisha.

Tabia moja inahitaji tahadhari. Model 12 haina kitenganishi cha kifyatulio. Mtu akishikilia kifyatulio huku anapampu, bunduki hufyatuka mara tu komeo linapofungika. Wapiga maonyesho waliitumia tabia hiyo kwa mbwembwe. Mwindaji wa kawaida yampasa kuzoea kuachia kifyatulio kila baada ya mlipuko, hasa kama amejifunzia kwenye bunduki za kisasa.

Visahani vya udongo

Visahani vilibuniwa na George Ligowsky wa Cincinnati mwaka 1880, vikachukua nafasi ya njiwa hai na mipira ya kioo iliyokuwa ikirushwa kwenye mashindano. Katika mchezo wa trapu, mpigaji husimama yadi 16 nyuma ya mtambo na kisahani hukimbia kikimwacha. Raundi moja ni visahani 25. Skiti ilizaliwa Andover, Massachusetts, takriban 1920, pale Charles Davis alipotafuta mazoezi yanayofanana na pembe za ndege porini. William Harnden Foster ndiye aliyeupa mchezo huo sura yake ya sasa na kuutangaza, na jina likapatikana kwa shindano la wasomaji mwaka 1926.

Model 12 iliingia katika michezo yote miwili na kukaa. Kiwanda kilitoa matoleo ya trapu yenye mtutu mrefu, mbano mkali mdomoni na kitako kilichonyanyuka, na matoleo ya skiti yenye mtutu mfupi na mdomo ulio wazi ili marisau yatawanyike mapema. Skiti ya Marekani hupigwa kwa geji 12, 20, 28 na .410, hivyo mpigaji aliyekuwa na Model 12 tatu na Model 42 moja aliweza kushindana katika madaraja yote bila kubadili mkono wake wala jicho lake. Toleo la juu kabisa, Pigeon Grade, lilikuwa na mti wa walnati uliochaguliwa na nakshi kwenye chuma, na bei yake leo ni ya watu wachache.

Pampu ina kasoro iliyo wazi kwenye visahani viwili vinavyorushwa kwa pamoja: mkono wa kushoto lazima ufanye kazi kati ya mlipuko wa kwanza na wa pili, wakati mwenye mitutu miwili anavuta tu tena. Wapenzi wa pampu hujibu kwamba mazoea huigeuza kasoro hiyo kuwa faida. Teke la bunduki lenyewe husaidia kuirudisha pampu nyuma, na msukumo wa kwenda mbele huupeleka mdomo wa mtutu kwenye shabaha ya pili. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 1950 Rudy Etchen alivunja visahani 100 kati ya 100 katika trapu ya jozi kwa bunduki ya pampu, wa kwanza kufanya hivyo. Bunduki yake ilikuwa Remington 870, mpinzani mkubwa wa Model 12, lakini somo ni lile lile.

Upande wa maonyesho, Herb Parsons, aliyeajiriwa na Winchester, alikuwa akirusha visahani 7 hewani kwa mkono wake mwenyewe, kisha anavivunja kimoja kimoja kwa Model 12 kabla hata kimoja hakijagusa ardhi. Kabla yake Elizabeth Topperwein, maarufu kwa jina la Plinky, alivunja visahani 1,952 kati ya 2,000 kwa siku moja mwaka 1916. Yeye alitumia Model 1897.

Uwindaji wa ndege

Bata wa mito na mabwawa ya Arkansas, fezanti wa mashamba ya mahindi ya South Dakota, tombo wa kusini na njiwa wa mwezi Septemba: kote huko Model 12 ilikuwa bunduki ya kawaida kwa vizazi viwili. Mwaka 1935 ilitoka ile nzito ya bata, yenye chemba ya inchi 3. Mwaka huo huo serikali ya Marekani iliweka kikomo cha risasi 3 kwa mwindaji wa ndege wahamao, na tangu hapo kijiti cha mbao hutiwa ndani ya bomba la magazini ili lisipokee zaidi ya risasi 2. Bunduki nyingi za zamani bado zina kijiti hicho, wakati mwingine kilichochongwa nyumbani kwa kisu.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja 1991, marisau ya madini ya risasi yalipopigwa marufuku nchi nzima kwa uwindaji wa bata kwa sababu mabata walikuwa wakimeza marisau kutoka kwenye tope na kufa kwa sumu. Marisau ya chuma yaliyochukua nafasi ni magumu, na yakipita kwenye mbano mkali wa mtutu wa zamani huweza kuuvimbisha karibu na mdomo. Marisau ya bismathi ni laini na hayana madhara hayo, ila ni ghali.

Matumizi ya kijeshi

Toleo lenye mtutu mfupi na kinga ya joto lilinunuliwa na jeshi la Marekani katika vita vikuu vyote viwili.

Washindani

Remington Model 31 (1931–1949) ilikuwa na pampu laini ajabu. Ithaca 37, iliyotoka 1937, hutoa ganda kwa chini, hivyo humfaa mwenye mkono wa kushoto. Iliyoiangusha Model 12 ni Remington 870 ya 1950, yenye sehemu nyingi zilizokatwa kwa mhuri wa mashine na bei ndogo. Winchester ilishindwa kulipa gharama ya kuchonga chuma kizima, ikaleta Model 1200 mwaka 1964, bunduki inayofanya kazi lakini isiyopendwa kama Model 12.

Afrika Mashariki

Mwandishi Ernest Hemingway alikuja na Model 12 yake Kenya na Tanganyika katika safari ya 1953–54, akidungulia ndege. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977. Siku hizi shotigani ya pampu inajulikana zaidi katika eneo hili mikononi mwa walinzi.

Hali ya sasa

Baada ya 1964 matoleo maalumu yalitoka mara kadhaa, yakiwemo yale ya kampuni ya Miroku ya Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kiwanda cha New Haven kilifungwa 2006. Vipuri vingi hupatikana kwa kuvunja bunduki nyingine.

Anayebahatika kuipata na kibali chake asiharakishe kuipiga. Chemba za mwanzo za geji 16 na 20 ni fupi kuliko risasi za leo, na risasi inayoingia bila shida huweza kukosa nafasi ya kufunguka. Aipeleke kwanza kwa fundi bunduki apime chemba na mbano.