Kutoka Ubao wa Tingatinga hadi Mwalo wa Ruziba: John Kilaka na Historia ya Picha katika Vitabu vya Hadithi za Watoto

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya uchoraji wa picha katika vitabu vya hadithi za watoto Afrika Mashariki kwa kuiangazia kazi ya John Kilaka, mchoraji na msimulizi kutoka Sumbawanga. Inachunguza namna mtindo uliozaliwa kwenye ubao wa kuuzia wageni ulivyogeuzwa kuwa lugha ya kusimulia watoto, na kwa nini njia ya picha hizo ilipitia Basel na Toronto. Mtaa wa Ruziba, kusini mwa Bujumbura, unatumiwa kama mahali pa kuupimia mjadala huo, kwa kuwa watoto wake wanaishi kando ya ziwa lilelile, wanafundishwa Kiswahili shuleni, na wanahitaji vitabu vyenye ulimwengu wanaoutambua.

Utangulizi

Ruziba ipo katika eneo la Kanyosha, kwenye barabara inayotoka Bujumbura kuelekea Rumonge. Upande mmoja kuna milima. Upande wa pili kuna Ziwa Tanganyika. Uhai wa mwambao huu umefungamana na samaki. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi huingia ziwani na taa ili kuwavuta ndagala, na asubuhi wachuuzi huwapokea mwaloni. Pamoja na ndagala huja mukeke, samaki ambaye ni fahari ya meza za Bujumbura. Huko Kigoma, upande wa Tanzania, ndagala huitwa dagaa na mukeke huitwa mgebuka. Samaki ni yuleyule. Jina ndilo linalobadilika mpakani.

Burundi ilijiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na katika kipindi hicho Kiswahili na Kiingereza viliingizwa katika masomo ya shule za msingi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Kiswahili hakikuwa kigeni Bujumbura. Kilifika na biashara ya misafara iliyopitia Ujiji, kikatumiwa na utawala wa Wajerumani uliojenga kituo cha Usumbura mwaka 1897, kikabaki kuwa lugha ya mtaa wa Buyenzi na ya masoko. Jambo lililokuwa jipya mwaka 2007 ni kwamba mtoto asiyekisikia nyumbani sasa alitakiwa kukisoma. Mtoto wa namna hiyo huitegemea picha kuliko maandishi. Picha ikimkwepa, maandishi nayo humkwepa. Kwa sababu hiyo historia ya wachoraji wa vitabu vya watoto inahusu sera ya lugha moja kwa moja, ingawa katika mijadala mingi ya sera hiyo mchoraji hatajwi.

Picha kabla ya kitabu cha picha

Vitabu vingi vya awali vya kusomea katika eneo hili vilikuwa na michoro michache ya wino mweusi. Kazi ya mchoro ilikuwa kuthibitisha neno: palipoandikwa jembe, pakachorwa jembe. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, lilipanua sana uchapishaji kwa lugha za Kiafrika, lakini fedha na malengo yalielekezwa zaidi kwenye maandishi. Uchangamfu wa kuchora, ule wa kumfanya mtazamaji acheke kabla hajasoma, ulikua kwingine, yaani magazetini. Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo na Chakubanga wa Christian Gregory katika Uhuru waliwazoesha wasomaji wa Kiswahili kumfuata mhusika mmoja kutoka picha moja hadi nyingine. Hao walikuwa vikaragosi vya watu wazima, na wanahistoria wa fasihi ya watoto kwa kawaida huwaacha nje. Ni kosa, kwa sababu stadi ambayo kitabu cha picha huihitaji kuliko nyingine, yaani kumchora mhusika yuleyule mara ishirini bila kumpoteza, ilifanyiwa mazoezi pale.

Chimbuko la pili ni la rangi. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968. Vifaa vyake vilikuwa vile ambavyo fundi wa mtaani angeweza kuvipata: ubao mgumu wa kuezekea dari uliokatwa mraba, na rangi ya mafuta ya kung'aa inayotumika kwa baiskeli. Alichora wanyama na ndege juu ya usuli wa rangi moja, bila kivuli na bila umbali. Alifariki mwaka 1972 baada ya kupigwa risasi na polisi kimakosa, akiwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Wanafunzi wake, miongoni mwao Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda na Simon Mpata, waliendeleza mtindo huo, na baadaye ukajengewa chama cha ushirika chenye makao Oysterbay.

Wanunuzi wakubwa wa picha hizo walikuwa wageni, na soko hilo liliacha alama yake. Chui wa picha ya kuuzwa hukaa peke yake katikati ya ubao. Hana jirani, hana deni, hana mahali anapokwenda. Anapendeza, na kupendeza ndiko anakotakiwa kufanya ili atundikwe ukutani. Wakosoaji waliouona mtindo huu kuwa wa kitalii hawakukosea kuhusu soko. Kilichowapita ni kwamba usuli mtupu na mistari iliyo wazi ni sifa ambazo jicho la mtoto hulisoma kwa urahisi sana.

John Kilaka na mnyama aliyevaa nguo

John Kilaka alizaliwa mwaka 1966 Sumbawanga, katika mkoa wa Rukwa, nchi ya Wafipa inayoshuka magharibi hadi Ziwa Tanganyika. Alijifunza uchoraji wa Tingatinga Dar es Salaam, lakini alikuja na kitu ambacho wachoraji wengi wa soko hilo hawakukitumia: ngano. Amekuwa akirudi kwa wazee wa kwao kukusanya hadithi, na yeye mwenyewe ni msimulizi anayezitamba jukwaani kwa sauti na mwili. Mpangilio huu wa kazi unaeleza mengi. Hadithi humfikia kwanza ikiwa sauti, kisha huwa tendo, na mwishoni huwa picha.

Badiliko alilolifanya linaonekana dogo. Aliwavika wanyama nguo, akawapa nyumba, kazi na majirani. Katika kitabu kilichotolewa kwa Kiingereza kwa jina Fresh Fish, Sokwe ni mvuvi aliyepata samaki wengi ziwani na sasa anawapeleka sokoni, huku Mbwa akiwamezea mate. Mbwa anapoiba, hafukuzwi wala haliwi na mnyama mwenye nguvu zaidi. Anahukumiwa na wenzake, na adhabu yake ni kupanda miti. Mtoto aliyekulia karibu na mwalo hahitaji kuelezwa uzito wa wizi wa samaki. Wala hahitaji kuelezwa kwa nini sokwe anachekesha akiwa mchuuzi: anamfahamu mchuuzi, na sasa anamwona upya.

Katika True Friends, Panya peke yake ndiye anayejua kuwasha moto. Tembo anamshawishi waweke akiba ya chakula pamoja nyumbani kwake. Ukame unapokuja, Tembo anakatalia chakula chote. Kitabu hicho kilipata tuzo ya New Horizons ya Maonesho ya Vitabu vya Watoto ya Bologna. Katika The Amazing Tree, wanyama wenye njaa wanahitaji jina la mti ili matunda yaanguke. Wakubwa wanatumwa kwa Kobe na kulisahau jina njiani. Sungura, aliyedharauliwa kwa udogo, ndiye anayelifikisha.

Mzaha wa picha hizi mara nyingi huchukuliwa kuwa pambo la kuwavutia watoto. Hoja inayotetewa hapa ni tofauti: mzaha ndio unaobeba hukumu. Tembo aliyechorwa kama mnyama wa porini ni mkubwa tu, na ukubwa wake hauna lawama. Tembo aliyevaa nguo, mwenye ghala na mlango wa kufungwa, ni mtu mwenye mamlaka, na mtoto anaweza kumhukumu bila kuambiwa amhukumu nani kijijini kwake. Ngano zilifanya kazi hiyo kwa sauti ya msimulizi. Kilaka aliihamishia kazi hiyo kwenye vazi.

Kurasa za kitabu ziliidai pia nidhamu ambayo ubao wa ukutani haukuidai. Shati la Sokwe la ukurasa wa kwanza lazima liwe lilelile ukurasa wa mwisho, maana mtoto ndiye mkaguzi mkali kuliko wote wa jambo hilo. Lazima pia mwili uelekee upande ambao ukurasa unafunguliwa, la sivyo safari hurudi nyuma. Chui aliyekaa peke yake akalazimika kusimama na kutembea.

Kwa nini Basel?

Vitabu vya Kilaka vilitolewa kwa Kijerumani Uswisi, chini ya Baobab ya Basel, asasi inayoshughulika na vitabu vya watoto kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Baadaye vikatolewa kwa Kiingereza. Groundwood ya Toronto ilitoa Fresh Fish na True Friends. Ngano za Wafipa zilisomwa kwa Kijerumani na watoto wa Zürich kabla mtoto wa mwambao wa Ziwa Tanganyika hajazikuta dukani. Ni rahisi kuusimulia ukweli huu kama manung'uniko. Inafaa zaidi kutazama hesabu iliyousababisha.

Kitabu cha picha huchapwa kwa rangi nne, na kila rangi huhitaji bamba lake. Gharama hizo za mwanzo ni zilezile iwe zinachapwa nakala 500 au 10,000. Mchapishaji mwenye soko dogo anashindwa hapo hapo mlangoni, kabla hata bei ya karatasi haijatajwa. Tanzania ililikabili tatizo hili kwa Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Utaratibu wake ulikuwa wa kununua mapema: mchapishaji akitoa nakala 5,000, Mradi uliahidi kununua 3,000 na kuzigawa shuleni na kwenye maktaba, naye akabaki na 2,000 za kuuza. Mwaka huohuo Walter Bgoya, aliyekuwa ameiongoza Tanzania Publishing House tangu 1972, alianzisha Mkuki na Nyota. Nchini Rwanda, Agnès Gyr-Ukunda alianzisha Bakame mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya mauaji ya kimbari, ili watoto wapate vitabu kwa Kinyarwanda. Mifano hii haifanani katika kila jambo, lakini yote ilianza na mtu au asasi iliyokubali kubeba hasara ya mwanzo.

Mwaka 2010 picha za Tingatinga zilipata njia nyingine. Tinga Tinga Tales, mfululizo wa vibonzo vya televisheni ulioonyeshwa na BBC, ulitengenezwa na kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza pamoja na Homeboyz ya Nairobi, na vitabu vikafuata. Vijana wa Nairobi walipata ajira na ujuzi adimu. Hata hivyo mwelekeo ulikuwa uleule wa awali: mtindo wa hapa, mpango na soko la huko. Jina la mtu aliyefariki mwaka 1972 likawa jina la bidhaa, na swali la nani hasa ana haki juu ya mtindo uliorithiwa na wengi halikuwa jepesi kisheria. Mtindo haulindwi kama picha inavyolindwa. Mchoraji mmoja mmoja ana haki juu ya Sokwe aliyemchora. Hana haki juu ya usuli wa rangi moja.

Bamba jeusi na msomaji wa Ruziba

Teknolojia iliyoifanya Basel ishinde ndiyo hiyohiyo inayoweza kuifaa Bujumbura. Katika uchapaji wa rangi nne, maandishi hukaa kwenye bamba jeusi peke yake. Picha zikichapwa kwa wingi mara moja, ni bamba hilo tu linalobadilishwa kwa kila lugha. Hivyo ndivyo wachapishaji wa Ulaya wanavyogawana gharama za kitabu kimoja kati ya nchi tatu au nne. Hakuna sababu ya kiufundi inayozuia Kirundi, Kinyarwanda na Kiswahili visichapwe kwa pamoja kwa njia hiyo. Burundi ina sifa ambayo majirani wengi hawana, nayo ni lugha moja inayosemwa nchi nzima, hivyo toleo la Kirundi lina wasomaji wa kutosha kubeba toleo la Kiswahili mgongoni hadi nalo lipate wa kwake.

Sharti lake linamhusu mchoraji kabla ya mchapaji. Asiandike maneno ndani ya picha: kibao cha duka kilichoandikwa kwa rangi nyekundu hulazimisha mabamba mengine nayo yabadilishwe, na faida yote hupotea. Aache nafasi ya kutosha, kwa kuwa sentensi ya Kirundi na ya Kiswahili hazilingani urefu. Mkataba wake nao utaje kila lugha na malipo ya kila toleo, maana anayelipwa mara moja kwa kazi itakayotoka katika lugha tatu atakuwa amezifadhili mbili kutoka mfukoni mwake.

Linabaki suala la msamiati, ambalo wahariri wa Kiswahili sanifu hupenda kulimaliza kwa kamusi. Kitabu kinachomwonyesha mvuvi wa Ziwa Tanganyika kikiandika dagaa peke yake, mtoto wa Ruziba atajifunza neno jipya kwa samaki aliyemla jana, na hilo si baya. Ndiyo kazi ya somo la Kiswahili. Ubaya huja pale picha inapomwonyesha samaki wa baharini, pengine kwa sababu mchoraji wa Dar es Salaam alichora alichokizoea. Hapo mtoto hana tena cha kuliegemeza neno. Mukeke wa mwembamba mrefu akichorwa sawasawa kwenye karai la mchuuzi, toleo la Kirundi litamwita mukeke, la Kiswahili mgebuka, na mabamba matatu ya rangi hayataguswa.