Nyigu wa Mihogo na Mbawakavu wa Mahindi: Mbona Mmoja Tu Alishinda?

Ukimsikia mkulima wa Tanzania akilalamika kwamba Scania imemaliza mahindi yake, usidhani anasema lori. Hilo ni jina alilopewa dumuzi, mdudu aliyeibukia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na kugeuza mahindi kuwa vumbi ghalani. Muongo huohuo, huko Kongo, vidung'ata walianza kudumaza mihogo, wakasambaa nchi hadi nchi.

Wadudu hao wawili walitoka Amerika, na maadui wao wa asili walibaki kwao. Basi wanasayansi wakaenda kuwafuata maadui hao.

Kwa mihogo alipatikana nyigu Anagyrus lopezi, mdogo kuliko punje ya mchele. Aligunduliwa Paraguay mwaka 1981, na mwaka huohuo akaachiliwa Nigeria. Jike hutaga yai ndani ya kidung'ata. Buu akianguliwa, humla mwenyeji wake kutoka ndani. Miaka kumi baadaye alikuwa ameshaenea nchi zaidi ya 20, na mihogo ikapona. Hans Herren, Mswisi aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Kwa mahindi aliletwa mbawakavu Teretrius nigrescens: Togo mwaka 1991, Kenya mwaka 1992. Huyu naye ni mjanja. Dumuzi dume hutoa harufu ya kuita wenzake. Mbawakavu huifuata, akifika anakula mayai na mabuu. Sehemu nyingine dumuzi walipungua kweli, lakini ghalani hasara iliendelea.

Kwa nini? Nyigu huzaana haraka, na kidung'ata hukaa wazi kwenye ncha za mmea. Mbawakavu huzaana polepole kuliko dumuzi. Mpaka idadi yake iongezeke, mahindi yameshatobolewa. Tena dumuzi huishi pia kwenye miti mikavu porini, kwa hiyo hata ukisafisha ghala, wengine watakuja.

Ndiyo maana hadi leo mwenye mahindi bado anashauriwa kuyakausha vizuri, kuyapukuchua na kuyachanganya na dawa ya unga mapema. Siku ukisikia adui wa asili ameletwa kupambana na mdudu fulani, usiulize tu anakula nini. Uliza pia nani kati yao anazaana haraka zaidi.