Kutoka Danane hadi Makina: askari wa Kibra na hati iliyochelewa

Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi wa Kibera hati ya ekari 288. Babu zao wenye asili ya Sudan, askari wa King's African Rifles (KAR), walitengewa eneo hilo, wakati huo msitu, mwaka 1904. Jina lake la asili, Kibra, kwa Kinubi ni msitu. Mwaka 1918 eneo lilitangazwa rasmi kuwa ekari 4,197.

Askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia wana sanamu yao Kenyatta Avenue, Nairobi, tangu 1928. Wa Vita vya Pili wamesahaulika, na Danane pamoja nao.

Danane ilikuwa kambi ya wafungwa ya Waitaliano pwani ya Somalia, kusini ya Mogadishu. Baada ya Rodolfo Graziani, mtawala wa Kiitaliano wa Ethiopia, kunusurika kuuawa mjini Addis Ababa, Februari 19, 1937, Wahabeshi walisombwa hadi huko, wanawake na watoto kwa wanaume. Mikael Tessema, mfungwa aliyetoka hai, alieleza walivyoishi: biskuti zilizooza, maji ya chumvi kutoka visima vya karibu na bahari, malaria, tumbo la kuendesha. Kwa hesabu yake, kati ya wafungwa wapatao 6,500, zaidi ya 3,000 hawakutoka.

Februari 1941 jeshi la Uingereza chini ya Jenerali Alan Cunningham lilivuka mto Juba. Humo mlikuwa na vikosi vya KAR, Wanaijeria, watu wa Gold Coast na Makaburu. Mogadishu ikaanguka Februari 25, na wafungwa wa Danane wakapata uhuru wao. Aprili 6 Addis Ababa ikakombolewa. Wafungwa wa kambi za Wanazi za Buchenwald na Bergen-Belsen walingoja miaka minne zaidi, lakini hizo ndizo kambi anazozijua mwanafunzi wa Nairobi.

Nyumbani Kibera, katika mitaa kama Makina, askari wa KAR hawakungojewa na zawadi. Tume ya ardhi ya Carter, ya serikali ya kikoloni, ilikwisha kusema, mwaka 1934, kwamba Wanubi wa Kibera ni wapangaji tu wa Serikali ya Kifalme, wanaoweza kuondolewa wakati wowote, ingawa wakihamishwa walipwe fidia. Karatasi aliyokuwa nayo askari mstaafu ilikuwa pasi ya shamba: ruhusa ya kukaa na kulima, si ya kumiliki. Uhuru ulipokuja, mzozo ukarithiwa pamoja na mafaili.

Hata maadui wana kumbukumbu yao: Waitaliano waliotekwa vitani nao waliletwa Kenya. Walichonga barabara ya kuteremkia Bonde la Ufa, na mwaka 1942 wakajenga kanisa dogo karibu na Mai Mahiu. Wasafiri husimama hapo hadi leo, wakapiga picha.