Pombe ya jembe: mtama mwekundu wa Wanyantuzu

Mtanzania akitajiwa Moshi huwaza mbege; akitajiwa Bukoba, rubisi; Iringa, ulanzi. Bariadi ikitajwa, wengi huwaza pamba na ng'ombe. Pombe ya mtama ya Wanyantuzu, Wasukuma wa huko Bariadi, haikujaliwa sifa hizo, labda kwa kuwa mtama hupikwa pombe karibu nchi nzima. Historia yake lakini si haba, na sehemu kubwa imeandikwa kwa jembe.

Richard Burton, aliyepita Unyamwezi, kwa majirani na ndugu wa Wasukuma, kati ya 1857 na 1859, alieleza jinsi wanawake walivyootesha mtama, wakautwanga na kuupika pombe. Mama wa wilaya za Itilima au Meatu, huko Simiyu, akisomewa maelezo yale leo hatashangaa. Nafaka hulowekwa mpaka ijae maji, ikatandazwa na kufunikwa ichipue, kisha ikaanikwa juani na kusagwa: hicho ndicho kimea. Unga mwingine hupikwa uji mzito, ukaachwa upoe. Hapo ndipo penye ujuzi, maana kimea kikitiwa uji ungali wa moto kupita kiasi hufa, na uji hauwi mtamu. Kikikubali, wanga hugeuka sukari, hamira ikaifanyia kazi, na baada ya siku chache chungu huanza kutoa povu. Mpishi mzoefu hasubiri saa wala kipimajoto. Huchovya kidole, huinamisha sikio.

Mtama unaopendwa kwa kazi hii ni ule mwekundu. Ni mchungu, ugali wake hauna wapenzi wengi, ila uchungu huohuo huwafanya ndege wauepuke. Katika nchi ambayo kweleakwelea wanaweza kumaliza shamba, hilo si jambo dogo. Pombe yake hutoka nzito, ya rangi ya udongo, yenye ukali wa kuchachuka unaokaa ulimini. Aliyezoea bia ya chupa atakunja uso kwanza.

Zamani pombe hii ilikuwa sehemu ya ujira. Mwenye shamba kubwa aliita watu, vijana wakaja chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, wakalima kwa mstari huku ngoma ikipigwa. Bugobogobo, ngoma ya majembe inayochezwa leo mbele ya wageni wa serikali, ilitoka huko. Jioni walikula na kunywa. Kaya isiyokuwa na mtama wa kutosha kupika pombe ilipata tabu kuita wengi, na isiyoita wengi ililima kidogo. Utajiri ukazaa utajiri. Wanaousifu ujima wa kale husahau upande huu.

Pamba ndiyo iliyovuruga hesabu. Enzi za Waingereza ilienea Usukuma yote, na mwaka 1955 vyama vya wakulima vikaunganishwa katika Victoria Federation. Fedha taslimu zikaingia kijijini, kibarua akataka shilingi, pombe ikahama kutoka shambani kwenda kilabuni. Hapo wanawake walipata walichokosa: fedha yao wenyewe, maana ya pamba mara nyingi ilipita mikononi mwa baba. Serikali nayo ikafuata na leseni, na Sheria ya Vileo ya 1968 ikaendeleza mtindo huo baada ya Uhuru.

Viwanda havikukaa mbali. Bia ya Balimi, ya kiwanda cha Mwanza, ilichukua jina la wakulima kwa lugha za Kanda ya Ziwa. Darbrew, watengenezaji wa Chibuku, wakaipa pombe yao ya nafaka jina la Nzagamba, fahali kwa Kisukuma. Binafsi naona jina ni zuri kuliko kinywaji.

Simiyu ikawa mkoa mwaka 2012, makao makuu Bariadi, wakati mahindi yameshapunguza mashamba ya mtama. Sasa ukame unawarudisha wataalamu wa kilimo kuuhimiza mtama, na watengenezaji wa bia nao wanauhitaji. Uganda, Nile Breweries walianza na Eagle Lager mwaka 2002 kwa mtama wa Epuripur. Lakini Epuripur ni mweupe. Mwekundu wa Wanyantuzu, mchungu na usiopendwa na ndege, unamtegemea mama mpika pombe, ambaye naye siku hizi huchanganya mahindi kwa kuwa ni rahisi kupatikana gulioni.