Ruhusa ya Jirani na Kibali cha Serikali: Historia ya Kuongeza na Kugeuza Nyumba katika Mji Mkongwe wa Unguja

Kibali cha ujenzi, kwa maana inayofahamika leo katika miji ya Afrika Mashariki, ni ruhusa ya maandishi ambayo mwenye nyumba huipata kwa mamlaka husika kabla ya kuongeza chumba, kupandisha ghorofa, kugeuza matumizi ya jengo au kulibomoa na kujenga jipya mahali pake. Katika Mji Mkongwe wa Unguja ruhusa ya namna hiyo ilikuwapo kabla ya kuwapo ofisi ya kuitoa au ramani ya kuiombea, kwa kuwa nyumba zilibanana, kuta zilishirikiwa, na hakuna aliyeweza kutoboa dirisha pasipo kumgusa mwenzake. Historia yake ni historia ya swali moja lililojibiwa tofauti kila zama: ni nani mwenye haki ya kumzuia mtu kujenga katika mali yake mwenyewe?

Jibu la kwanza lilitolewa na nyumba zenyewe. Kuta za nyumba za mawe, ambazo nyingi zilijengwa katika karne ya 19 wakati Unguja ilipokuwa makao ya masultani wa Kibusaidi na soko kuu la karafuu na pembe za ndovu, ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, nene kiasi cha nusu mita au zaidi. Juu ya kuta hizo hulazwa boriti, yaani nguzo za mikoko zilizokuwa zikiletwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji na mwambao wa Lamu, na kwa kuwa boriti haiwezi kubeba mzigo ikizidi mita 3 hivi, chumba hakikuweza kuwa kipana kuliko hapo, kikawa chembamba na kirefu. Juu ya boriti hupangwa mawe madogo, kisha humwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto na kupondwapondwa kwa vigongo siku nyingi mpaka ishikane. Hiyo ndiyo sakafu kwa maana yake ya asili. Mjenzi wa namna hiyo hakuweza kutanua chumba kwa kupenda. Aliyetaka nafasi zaidi alikuwa na njia mbili tu: kupanda juu, au kuvuka njia.

Kuvuka njia kulizaa wikio, nalo ni chumba kilichojengwa juu ya kichochoro kutoka ghorofa ya nyumba moja hadi ya nyumba nyingine, watu wakipita chini yake kama wapitao chini ya daraja. Wikio linaonekana zaidi Lamu, lakini Unguja nayo ilikuwa na mfano wake mkubwa katika majumba ya kifalme ya ufukweni, ambako njia za juu zilizofunikwa ziliunganisha Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, na majumba jirani ya Beit al-Hukm na Beit al-Sahel, ili wanawake wa jumba la Sultani wapite bila kuonekana. Kwa raia wa kawaida wikio liliunganisha jamaa: binti akiolewa nyumba ya pili, au ndugu wakigawana urithi, nyumba mbili zilirudi kuwa moja kwa juu ingawa kwa chini zilitenganishwa na njia ya watu wote.

Hapo ndipo sheria ilipoingia. Unguja ilikuwa na makadhi wa Kisuni na wa Kiibadhi, na miongoni mwa Waislamu wengi wa mwambao, ambao ni wafuasi wa madhehebu ya Shafii, kitabu cha Minhaj al-Talibin cha Imamu Nawawi kilisomwa sana katika darasa. Fikihi ya Kishafii, yaani elimu ya hukumu za sheria, inalizungumza jambo hili kwa undani unaostaajabisha. Katika njia kuu inayopitika huku na huku, mtu anaruhusiwa kutoa roshani au kufunika njia kwa chumba, ili mradi asiwadhuru wapitao, na kipimo cha kutodhuru ni cha kimwili kabisa: kimo kiwe kiasi cha mtu kupita wima bila kuinama, na kama njia ni ya wasafiri waliopanda wanyama, kiwe kiasi cha ngamia kupita na machela juu ya mgongo wake. Katika kichochoro kisichotokea upande wa pili hukumu inageuka: hapo njia ni mali ya pamoja ya wenye milango inayofunguka ndani yake, na hakuna atakayetokeza kitu juu yake ila kwa ridhaa ya wenzake wote. Vivyo hivyo, kwa kauli iliyotiliwa nguvu katika madhehebu hayo, mtu haegemezi boriti zake kwenye ukuta wa jirani bila idhini. Ruhusa, basi, ilitafutwa kwa yule ambaye angedhurika, na kadhi aliingia pale tu majirani waliposhindwana. Udhaifu wa mpango huo haufai kufichwa, kwa sababu mnyonge aliyepakana na tajiri alikuwa na ridhaa ya jina tu; hata hivyo ulikuwa na ubora ambao taratibu zilizofuata hazikuurithi, nao ni kwamba aliyetoa ruhusa ndiye aliyeishi na matokeo yake.

Baada ya Unguja kuwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, mwenye kutoa ruhusa akawa mtu mwingine. Maofisa wa afya na wa kazi za umma waliutazama mji kwa jicho la maradhi, moto na msongamano, wakataka hewa na nafasi kati ya nyumba, na maombi yakawa ya karatasi na michoro. Mwaka 1923 mtaalamu wa mipango miji, H. V. Lanchester, alichapisha mpango wa kwanza wa mji wote. Mwaka 1955 ikatungwa amri ya mipango ya miji na vijiji, na mwaka 1958 ukafuata mpango wa Henry Kendall. Mipango hiyo ilitekelezwa kwa sehemu ndogo, lakini ilikoleza mpaka uliokuwapo kati ya mji wa mawe na Ng'ambo, mitaa ya Waafrika wengi iliyokuwa upande wa pili wa hori. Kule Ng'ambo kulikuwa na tatizo la peke yake: nyumba ya miti na udongo ilikuwa mali ya mtu mmoja na kiwanja chake cha mtu mwingine, ambaye alitoza kodi ya ardhi iliyozusha mgomo mkubwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Aliyejenga juu ya kiwanja cha mwenziwe alikuwa na wakubwa wawili, mwenye ardhi na serikali.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalibadilisha umiliki wenyewe. Nyumba nyingi za mawe, ambazo wenyewe walikimbia au walinyang'anywa, ziliingia mikononi mwa serikali, na familia zilizokuwa hazina makao mema zikapewa vyumba humo, familia kadhaa katika nyumba iliyojengewa ukoo mmoja. Kwa waliopata paa lilikuwa jambo la haki, na haifai kulisimulia kana kwamba ni uharibifu mtupu. Lakini kodi ilikuwa ndogo mno kugharimia matengenezo, ilhali nguvu na fedha za ujenzi zilielekezwa Ng'ambo, kwenye majumba marefu ya Michenzani yaliyoanzishwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Wapangaji waligawa kumbi kwa mbao, wakafunga roshani kuwa vyumba, wakageuza baraza za ndani kuwa majiko. Yote hayo yalikuwa maongezo na mageuzi ya makazi, na karibu yote yalifanyika bila kibali, kwa kuwa mwenye nyumba, yaani dola, hakuwa na desturi ya kujiomba ruhusa mwenyewe. Paa likivuja, maji yalifuata boriti mpaka kwenye kichwa chake ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki. Boriti ikaoza hapo, na siku moja sakafu ya juu ikaanguka juu ya sakafu ya chini.

Mwaka 1985 iliundwa mamlaka maalumu ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe, na mwaka 1994 ukakamilika mpango wa uhifadhi ulioandaliwa pamoja na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni chini ya uongozi wa msanifu Francesco Siravo. Mpango huo uliyapanga majengo kwa madaraja ya thamani, ukaeleza lipi lisiguswe na lipi liweze kubadilishwa, na ukaifanya ruhusa kutegemea vitu vinavyoshikika: kimo cha jengo, umbo la paa, mlango wa nakshi, chokaa. Mkazo juu ya chokaa haukuwa wa urembo. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu na kuutoa. Ukikandikwa kwa saruji, unyevu na chumvi hunaswa ndani, na lipu inayoonekana imara kwa nje huuficha ukuta unaomomonyoka kuwa unga.

Ushindani wa kweli, hata hivyo, ulikuja na utalii. Serikali iliuza nyumba nyingi kwa watu binafsi, na mji ulipoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, maombi ya kugeuza makazi kuwa hoteli yalikuwa tayari shughuli kubwa. Nyumba iliyokuwa na choo kimoja au viwili sasa ilitakiwa kuwa na bafu katika kila chumba cha mgeni, mabomba yakapitishwa katika kuta zisizopenda maji, matangi yakapandishwa juu, na mahali pa kunywea chai pakajengwa juu ya paa, ambapo humchungulia jirani uani kwake, jambo ambalo fikihi ya zamani ingelitazama kwanza na fomu ya kisasa hulitazama mwisho. Ubishi mkubwa ulihusu jumba la kale la Mambo Msiige ufukweni Shangani, ambalo kugeuzwa kwake kuwa hoteli na kuongezewa jengo jipya kulisababisha Kamati ya Urithi wa Dunia kueleza wasiwasi wake. Sheria mpya ya mwaka 2010 iliipa mamlaka nguvu zaidi, lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katika matengenezo, watu wawili wakafariki, na mji ukakumbushwa uzito wa jiwe lililochoka.

Katika mitaa isiyo na hoteli kikwazo ni kingine. Nyumba nyingi ni za wakfu, yaani mali iliyofungwa kwa ajili ya kheri au kizazi, na nyingine ni za urithi ambao haukugawanywa kwa vizazi vitatu, warithi wake wakiwa Malindi na Shangani, Maskati, Dubai na London. Kila mmoja ana fungu lake katika kila ukuta, na kabla fundi hajagusa boriti moja iliyooza, anayeishi ndani lazima atafute ridhaa zao wote, kama alivyotakiwa mtu wa kichochoro kisichotokea upande wa pili.