Chakubanga na Wenzake

Mhariri alipoomba habari za kale, bila shaka alitazamia mashamba ya kahawa ya Usa River au njia za Mlima Meru. Mimi nimechagua katuni za magazetini. Nazo ni historia, tena historia inayochekesha hadi leo.

Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilipitishwa mjini, kilometa kama 20 tu kutoka hapa kwetu. Mwaka huo huo Christian Gregory alianza kumchora Chakubanga katika Uhuru, gazeti la TANU. Kurasa nyingine zilimhimiza mwananchi ajitegemee na achape kazi. Chakubanga alimwonyesha mwananchi mwenyewe, pamoja na ulevi wake, mapenzi yake na uvivu wake. Gazeti la chama halikuwa mahali pa kumtania waziri kwa jina. Basi akataniwa bwana mkubwa asiye na jina, na kila msomaji akajaza jina alilolijua. Watu walimpenda Chakubanga hata wazee wetu wakawa hawasemi "katuni". Mchoro wowote wa kuchekesha waliuita chakubanga.

Sisi tuliosoma hapa miaka ya 1990 tulilelewa na Sani, jarida lililopata jina kwa waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Nakala moja ilisomwa na bweni zima mpaka kurasa zikalegea. Hatukujua kwamba Philip Ndunguru, aliyewachora wengi wa wale tuliowapenda, alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1986, kijana bado. Wenzake waliishika kalamu, na watu wake wakaendelea kutembea.

Yatazameni majina yao. Ndumilakuwili alikuwemo katika lugha yetu kabla hajachorwa, na lofa vile vile. Pimbi ni mnyama mdogo wa mawe, na mtu mfupi huitwa hivyo kwa utani. Kule Kenya Edward Gitau alifanya jambo lile lile na Juha Kalulu wake katika Taifa Leo. Mchoraji aliliokota neno ambalo watu tayari walilitumia kusemana, akalivisha suruali na viatu. Ndiyo sababu tulimtambua Lodi Lofa mara moja. Kila darasa lilikuwa naye. (Majina siyataji, maana wengine siku hizi ni wakurugenzi.)

Katuni za siasa ni nyingine. Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyeingia Daily Nation ya Nairobi mwaka 1992, ni fundi mkubwa, na Masoud Kipanya na panya wake vile vile. Lakini kiongozi aliyechorwa akiondoka madarakani, kijana wa leo huhitaji kuelezwa ndipo acheke. Ndumilakuwili haondoki madarakani. Nimeitumikia serikali miaka mingi na nimekaa naye vikao vingi. Huikubali hoja yako mezani, akaizika kwenye ngazi.

Sisemi kwamba yote yamedumu. Utani juu ya wanawake, ambao Sani iliupenda mno, umechacha. Binti yangu aliusoma bila kutabasamu, nami sikupata la kumjibu. Utani wa foleni za sukari na sabuni nao huhitaji mzee wa kuufafanua.

Linalonisumbua ni kwamba kurasa zenyewe zinatoweka. Gazeti letu likishasomwa, kazi yake ya pili ni kufungia maandazi na karanga. Mtu akitaka kujua wazazi wetu walicheka nini Azimio lilipokuwa jipya, atayatafuta wapi?

Mimi ninazo nakala 11 za Sani, nami nitazileta siku ya mkutano wetu ziwekwe katika maktaba ya shule. Mwenye Uhuru za zamani, hata zenye madoa ya mafuta, tafadhali asizitupe. Azilete.