Mwenye kuacha na mwenye kuachwa: kila mutu na saa yake

Kwetu Lubumbashi, ndoa ikianza kuvunjika, familia njo zinaketi kwanza. Kuanzia Katuba mpaka Ruashi, kwenye kikao ulizo ni moja: nani alikosa? Jibu lake linapima hata mambo ya kurudisha mali ya ndoa.

Sheria inauliza ingine. Kode ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyobadilishwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016, inaruhusu bwana ao bibi kuomba divorsi kwenye tribinali ya amani. Muamuzi anaita wote wawili, anajaribu kwanza kuwapatanisha. Kisha anaangalia kama ndoa imeharibika kabisa, hata nyumba haiwezi tena kuokolewa. Watoto, anawapanga kufuatana na faida yao.

Lakini kuna ulizo la tatu, lenye kugusa maisha ya kisha divorsi: nani alijua wa kwanza?

Katika kitabu Uncoupling (1986), mutafiti wa Marekani Diane Vaughan alionyesha kwamba mwenye kuacha anaanza kutoka zamani, kimya-kimya. Siku anasema "nimechoka", amekwisha kulia. Mwenye kuachwa, siku hiyo njo anaanza. Juu ya ile tunawahukumu vibaya: huyu anacheka, tunasema hakupenda, yule analia mwaka wa pili, tunasema ni muzaifu. Kumbe saa zao haziko sawa.

Kila mumoja ana muzigo wake. Mwenye kuacha anabeba lawama. Mwenye kuachwa anabeba haya, na "juu ya nini?" isiyo na jibu. Tena tuchunge: mwanamuke mwenye kukimbia fimbo ametoka ku nyumba, lakini fimbo njo ilivunja ndoa. Kumuambia "rudia, vumilia" ni kumurudisha ku hatari.

Wanasaikolojia Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun wanafundisha kwamba mutu anaweza kukomaa kisha pigo kubwa. Maumivu yenyewe hayakomazi. Kinachokomaza ni kupambana nayo na kupanga maisha upya. Mwenye kuacha anaweza kufika pale, mwenye kuachwa vilevile.

Basi wazee, kwenye kikao, muache kila mumoja aeleze safari yake mupaka mwisho. Mwenye kuchelewa kulia, musimuharakishe. Na mutoto, musimuulize ako upande wa nani.